Mali ya Serikali Isipewe Serikali

Mwaka ule chama kilipobadilisha jina, nchi moja rafiki iliisaidia mikoa ya nyanda za juu kusini kwa kuipa vitu viwili: mtaalamu wa mifereji, na mashine ndogo za hesabu, moja Mbeya na nyingine Iringa. Mtaalamu alikaa msimu mmoja, akapambana na tumbo lake, tumbo likashinda, akarudi kwao. Mashine zilibaki, kwa kuwa zenyewe hazikula chochote.

Ile ya Mbeya ilikabidhiwa Kitengo cha Mifereji, ofisi ndogo iliyojibanza nyuma ya gereji ya mkoa. Mkuu wa kitengo, Ndugu Sedekia Mwasomola, aliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto wa kubatizwa. Miaka ile kuingiza kompyuta nchini kulikuwa kumepigwa marufuku, kwa hiyo aliwakusanya watumishi wake akawaonya mapema.

"Hii si kompyuta," alisema. "Ni mashine ya hesabu yenye kumbukumbu nzuri. Atakayeiita jina lingine atajieleza mwenyewe huko mbele."

Hakuna aliyeiita jina lingine. Aliyejua kuitumia alikuwa mmoja tu, Ikupa Mwambene, fundi sanifu wa kitengo, mwanamke kijana aliyekaa mtaa wa Soweto pale Mbeya kwa shangazi yake na kuimba sauti ya pili katika kwaya ya Wamoraviani. Kabla ya mashine, kupata upana na kina cha mfereji mmoja kulimgharimu asubuhi nzima ya majedwali, kifutio, na maneno ambayo Mmoraviani hapaswi kuyatamka. Mtaalamu alipomfundisha, Ikupa alikaa akaandika maelekezo hatua kwa hatua: mashine ichukue wingi wa maji, ichukue mteremko wa ardhi, ichukue aina ya udongo, izidishe, igawanye, itoe jibu. Maelekezo hayo yalihifadhiwa kwenye kadi nyembamba ya sumaku, iliyopitishwa kwenye tundu la mashine kama ulimi unaopita kwenye meno. Mtaalamu aliita kazi hiyo programu. Ofisi nzima iliita dawa ya Ikupa.

Na dawa ilitibu. Waliijaribu kwanza Mbalizi, kwenye mashamba ya viazi yaliyolala kwenye miteremko, na maji yakashuka kwa adabu, yakapinda palipotakiwa, hayakumwagika. Ndugu Sedekia alikwenda kuyatazama akarudi na uso wa mtu aliyeyaumba.

Habari za dawa hazikai mfukoni. Haukupita muda akaja mgeni kutoka Iringa, Danieli Kalinga, fundi wa mifereji kama Ikupa, ambaye walisoma naye chuo kimoja cha ufundi na kugombea naye dawati moja la kuchorea. Alikuja na mashine yake ndani ya mkoba na kadi isiyo na kitu.

"Dada, mimi mashine ninayo, ila ni bubu," alisema. "Mzungu wetu aliondoka kabla hajanifundisha hata kuiwasha vizuri. Nimesikia wewe umeiandikia. Nipe na mimi."

"Keti," Ikupa alimwambia. Kunakili kadi ilikuwa kazi ya muda wa kupiga chafya. Alikwisha kuichomoa kadi yake kwenye bahasha wakati Ndugu Sedekia alipoingia, akasalimiwa, akauliza mgeni ametaka nini, akaambiwa. Akanyoosha mkono akaichukua ile kadi kwa upole, kama mtu anayemwondolea mtoto kisu.

"Hii ni mali ya Serikali," alisema.

"Ndiyo, mzee," Danieli akajibu. "Ndiyo maana nimekuja. Na mimi ni Serikali."

"Wewe ni Iringa."

Danieli alicheka, akidhani ni utani. Ndugu Sedekia hakucheka. Alieleza, kwa utulivu wa mtu anayesoma Katiba, kwamba madaraka yamepelekwa mikoani. Kwamba mkoa wa Mbeya umelipa mshahara wa fundi, penseli ya fundi na kiti alichokalia fundi. Na kwamba Iringa wakijibebea tu, kesho watakuja Rukwa, keshokutwa Ruvuma, na mwisho wa yote Mbeya itabaki haina kitu.

"Lakini mzee, nikinakili, yenu inabaki pale pale," Danieli alisema. "Mimi sikati kipande."

"Hivyo ndivyo wanavyosema wote."

"Wote kina nani?"

Ndugu Sedekia hakuona sababu ya kujibu swali dogo namna hiyo. Alimshauri Danieli aandike ombi rasmi, lipitie kwa mkuu wake, lije kwa mkuu wa Mbeya, lijadiliwe na kamati. Kamati yenyewe ilikuwa haijaundwa, lakini hilo halikumtatiza. Iliundwa wiki iliyofuata. Danieli alirudi Iringa na mashine yake bubu.

Ikupa alimsindikiza mpaka stendi na aibu imemkaa shingoni. Hata hivyo ukweli usemwe: aibu hiyo haikulala. Ndugu Sedekia alimwita akamwambia kwamba kuanzia siku hiyo yeye ni Mtunzaji wa Programu ya Mkoa, cheo ambacho hakikuwa na mshahara lakini kilikuwa na ufunguo. Kadi ingekaa kwenye kabati la chuma, na ufunguo ungekaa kwake. Ikupa aliufunga ufunguo ule kwenye kamba, akauvaa shingoni, na alipopita sokoni Soweto alijikuta akitembea polepole kuliko kawaida. Si kila siku mtu anaandika kitu kikastahili kufungiwa.

Kamati ilikaa. Swali la kwanza lilikuwa nani hasa mwenye mali. Ezekia, mhasibu wa kitengo, aliyekuwa mtu wa kuuliza, alitaka kujua kama Ikupa aliyafikiria maelekezo yale saa za kazi au saa zake mwenyewe.

"Sehemu ngumu niliipata nikiwa kwaya," Ikupa alikiri. "Ilinijia tu, katikati ya beti."

Wajumbe wakatazamana. Ikiwa wazo lilizaliwa kanisani, je, kanisa lina hisa? Mjadala ulikwenda mpaka chai, ukaendelea baada ya chai, mpaka Ndugu Sedekia alipoukata.

"Kichwa cha mtumishi kimeajiriwa chote," alisema. "Hakuna nusu ya kuimba na nusu ya Serikali."

Hapo wakaingia kwenye masharti. Ikiwa siku moja Iringa watapewa, ilikubaliwa, wataruhusiwa kuitumia programu lakini si kuyatazama maelekezo yaliyomo ndani. Hawataruhusiwa kuibadilisha, hata wakiona ina kosa. Wakiona kosa, watafute kosa lao kwanza. Hawataitumia kwa mto unaopita mikoa miwili, mpaka maji yenyewe yajulikane ni ya mkoa gani. Na hawatampa mtu mwingine, awe mtumishi, awe mwananchi, awe mwalimu wa shule, kwa sababu mwananchi akianza kujipimia mfereji mwenyewe, Kitengo kitafanya nini? Swali hilo la mwisho liliwagusa wote. Masharti yalipita bila kupingwa, na Ikupa naye alinyoosha mkono.

Wakati kamati inalinda dawa, dawa ilipelekwa Usangu.

Bondeni huko, nje kidogo ya Chimala, kulikuwa na familia za Kisukuma zilizohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini na kujifunza mpunga kwa Wasangu waliowakuta. Mzee wao aliitwa Nkuba, mkewe Helena. Waliomba mfereji wa kupeleka maji ya mto kwenye majaruba yao, na mkoa ukakubali kwa sharti kwamba wachimbe wenyewe. Ikupa alipima ardhi, akarudi ofisini, akafungua kabati kwa ufunguo wake, akapitisha kadi, akapata upana na kina. Watu walichimba kiangazi chote. Mvua zilipoanza na banio, lile lango la maji pale mtoni, likafunguliwa, maji yaliingia kwenye mfereji, yakaenda mwendo mfupi, yakachoka, yakapanda kingo, yakamwagika kwenye vitalu vya miche ya mpunga, kisha kwenye zizi la ndama, kisha kwenye nyumba ya shemeji yake Nkuba.

Nkuba alikuja Mbeya mwenyewe, miguu yake ingali na tope lililokauka. Ikupa alimpokea kwa heshima.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Ule mfereji wenu maji yameukataa."

"Yameukataa vipi?"

"Yanaingia, halafu yanasimama kama ng'ombe aliyeona daraja. Yakishasimama yanatafuta njia nyingine. Njia yenyewe ni sisi."

Ndugu Sedekia alisikiliza mlangoni, mikono nyuma.

"Mlichimba kwa vipimo mlivyopewa?"

"Vile vile. Tulikuwa na kamba yenu."

"Basi vipimo viko sawa. Mashine haikosei, mzee wangu. Labda mwaka huu maji ndiyo yamekosea."

 Nkuba alikuwa mtu aliyekwisha kuhama mara mbili maishani na kuzika ng'ombe wengi njiani. Hakuwa na haraka ya kukasirika. "Haya," alisema. "Basi nifundishe namna ya kuyaambia." Kisha akaaga, akaenda kutafuta lori la kumrudisha Chimala.

Neno lile lilimchoma Ikupa kuliko tusi. Alijifungia na kadi yake akarudia hesabu ya Usangu, mashine ikatoa jibu lile lile bila haya. Akaanza kuyasoma maelekezo yake mwenyewe, hatua baada ya hatua, na kila hatua aliyoiangalia alikuta iko sawa, kwa sababu hakuwa akisoma alichokiandika bali alichokusudia kuandika. Mzazi hamwoni mwanawe makengeza. Alitamani mtu mwingine ayapitie. Lakini kila mtu mwenye uwezo wa kuyapitia alikuwa amekatazwa na kamati, na mkono wa Ikupa ulikuwa mmojawapo wa mikono iliyokataza.

Ijumaa alimwambia Ndugu Sedekia kwamba kwaya yao imealikwa Iringa.

"Kwaya nzima?"

"Sauti ya pili, mzee."

"Nendeni kwa amani," alisema Ndugu Sedekia, ambaye muziki haukuwa fani yake.

Basi lilimfikisha Iringa, na asubuhi ya Jumamosi alikuwa nyumbani kwa Danieli, na kadi ya mali ya Serikali ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Mke wa Danieli, Severina, mwalimu wa shule ya msingi, alimpokea mlangoni kwa salamu ya Kihehe.

"Kamwene, dada. Karibu ndani. Danieli alisema hutakuja hata siku moja."

"Hata mimi nilisema hivyo," Ikupa alijibu.

Walikula viazi na chai ya maziwa. Kisha Danieli akafuta meza, akawasha mashine yake, na kadi ikapita. Hakukuwa na radi. Mashine bubu ya Iringa ilianza kusema, kana kwamba siku zote ilikuwa ikingoja kuulizwa.

"Kwa hiyo sasa Mbeya imebaki haina kitu," Danieli alisema.

"Usinicheke. Nisomee hatua zote, moja moja, kama hunijui. Kuna kosa na mimi silioni."

Danieli alisoma kwa sauti, na Ikupa akieleza kila hatua ni ya nini. Severina aliketi pembeni akisahihisha madaftari. Walifika karibu na katikati, Danieli akarudi nyuma, akasoma tena.

"Hapa. Unasema mteremko ukiwa mdogo kuliko kiasi hiki, mashine iuchukulie kuwa ni kiasi hiki. Kwa nini?"

Ikupa aliivuta mashine kwake, akaitazama hatua ile.

Alikumbuka. Siku za mwanzo, akiwa bado anajifunza, kila alipoingiza mteremko mdogo sana mashine ilipepesa namba zake na kukataa kazi. Alikuwa amechoka. Akaiwekea kizuizi kile ili inyamaze kwanza, apate kuendelea, akijiambia ataondoa kesho. Kesho ikaja na Mbalizi, Mbalizi hakuna ardhi tambarare, na kizuizi kikajificha ndani ya kabati la chuma kwa ulinzi wa kamati.

"Usangu ni tambarare kama meza hii," alisema polepole. "Nami nimeiambia mashine kwamba Usangu kuna mlima."

"Ndiyo maana ikatoa mfereji mwembamba," Danieli alisema. "Ilidhani maji yatakimbia."

"Watu wamechimba kiangazi chote, Danieli. Kwa mlima ambao haupo."

 Severina alisogeza madaftari yake, akamimina chai nyingine, na Ikupa akalia kidogo, si sana, kwa namna ya mtu ambaye bado ana kazi ya kufanya. Kisha waliondoa kizuizi, wakatafuta sababu ya ule upepesaji, ambayo iligeuka kuwa kitu kidogo cha kuchekesha, wakaisahihisha. Hesabu ya Usangu ilirudi na mfereji mpana karibu mara mbili ya ule uliochimbwa.

Alipokuwa akiondoka, Danieli aliuliza kama aifute nakala yake.

"Uifute kwa nini?" Ikupa alisema. "Baki nayo. Wakija wa Ruvuma wape. Waambie tu waisome ndani kabla ya kuitumia."

Jumatatu alisimama mbele ya meza ya Ndugu Sedekia akamweleza yote: kosa, safari, nakala. Hakupunguza kitu. Ndugu Sedekia alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ulipita misimu yote ya mwaka.

Alikuwa kwenye mtego mzuri. Akimshtaki Ikupa kwa kutoa siri, itabidi aeleze siri yenyewe ilikuwa mbovu. Akikubali siri ilikuwa mbovu, itabidi aeleze kwa nini aliilinda. Na akiikataa hesabu mpya, Nkuba atarudi, na safari hii huenda akaja na ndama.

"Hukwenda Iringa," alisema hatimaye.

"Nilikwenda, mzee."

"Ulikwenda kuimba. Kamati ya wataalamu ya mkoa huu, katika mapitio yake ya kawaida, imeboresha programu. Hivyo ndivyo ilivyotokea. Lete ufunguo."

Ikupa aliuvua shingoni akauweka mezani. Alishangaa jinsi shingo ilivyokuwa nyepesi.

Taarifa ilipelekwa juu ikisifu kamati. Juu wakaipongeza kamati, wakaagiza iendelee kukaa. Ndipo ombi rasmi la Iringa lilipofika kwenye ajenda, na wajumbe, baada ya mjadala mrefu, wakalikataa kwa manufaa ya Taifa. Danieli alipokea jibu hilo siku aliyokuwa akipima mfereji wa kijiji kimoja cha Kilolo kwa mashine yake, na inasemekana alimsomea Severina kwa sauti, wakati wa chakula, mara kadhaa.

Ikupa hakungoja agizo kwenda Usangu. Alipata lifti ya lori tupu la mchele mpaka Chimala, akatembea, akawakuta watu wameketi kwenye kivuli cha ghala wakikarabati majembe. Aliwasalimu akasimama.

"Nimekuja kuwaambia kwamba kosa si la maji," alisema. "Wala si lenu. Ni langu. Niliiandika hesabu vibaya. Mfereji unatakiwa kupanuliwa karibu mara mbili."

 Kijana mmoja aliyeitwa Bujiku alitupa jiwe alilokuwa akinolea, akaondoka bila kuaga, na hakuna aliyemlaumu. Nkuba alitazama mbali, kwenye vitalu vilivyooza.

"Msimu huu umekwenda," alisema.

"Umekwenda, baba."

"Na ofisi itatuletea watu wa kuchimba?"

"Hapana. Ofisi inasema programu imeboreshwa."

Nkuba alilitafuna neno lile. "Imeboreshwa," alisema. "Ni vizuri. Sisi hatujaboreshwa bado."

Aliyeinuka ni Helena. Aliingia ghalani akatoka na jembe, akampa Ikupa mkononi.

"Kwetu aliyekosea akija mwenyewe hatumpi maneno," alisema. "Tunampa hili. Lakini vua hivyo viatu, vitakufia kwenye tope."

Ikupa alivua viatu. Alikuwa binti wa mgomba na kahawa, udongo mwekundu unaokubali jembe. Udongo mweusi wa Usangu ulilishika jembe kama mtu anayedai deni lake. Mpaka mchana viganja vilikwisha kupasuka. Wanawake walimwangalia kwa pembe ya jicho, kisha mmoja akamsogelea akamwonyesha namna ya kukata kingo kwa mshazari ili tope lisimrudie. Alasiri Bujiku alirudi, akaingia mferejini upande wa pili, akachimba bila kumtazama.

Alirudi kila alipopata ruhusa, na mara nyingine bila ruhusa. Mwaka huo familia nyingi zilinunua mpunga badala ya kuuza, na wapo ambao hawakumsamehe, wakamwita Bibi Mlima mpaka alipoacha kugeuka akiitwa hivyo. Aliomba uhamisho kwenda Iringa. Ulikataliwa kwa maelezo kwamba anajua siri za mkoa.

Siku mfereji ulipofunguliwa upya, Ndugu Sedekia alifika na gari la ofisi na hotuba kuhusu kamati. Maji hayakumngoja amalize. Yalitoka kwenye banio taratibu, rangi ya chai ya maziwa, yakajaza chini, yakapita pinda la kwanza, yakapita lile la pili ambako zamani yalikuwa yakisimama, na watu wakaanza kutembea kando yake, kwanza watoto, kisha wanawake, kisha wale waliokuwa wamewekwa mstari wa mbele kupiga makofi. Ikupa alikwenda nao. Nyuma yao sauti ya hotuba iliendelea kidogo, ikizungumza na viti.

Kwenye jaruba la mwisho Helena alikuwa ameinama, akifungua tuta kwa mikono ili maji yaingie. Alipomwona Ikupa alisogea pembeni kumpa nafasi, na wote wawili wakaendelea kuondoa udongo.